Kuta za Bi Somoe

Bwana bima alikuwa juu ya ngazi, ameinamia ukuta ulioungua, anaukwangua kwa kisu kidogo. Bi Somoe alikuwa chini, mikono kiunoni, habanduki. Mtu anayekuja kulipa hasara ya moto, kisu cha nini? Anatafuta nini juu ya ukuta wa watu? Na jambo likishaingia kichwani mwa Bi Somoe, halikawii kutokea mdomoni.

"Wee baba, umepoteza kitu huko juu?"

"Hapana, mama. Naangalia tu."

"Unaangalia kwa kisu?"

Yule bwana alicheka kidogo, akashuka. Aliitwa Lukasi, mtu wa Newala, mfanyakazi wa kampuni moja ya bima pale Mtwara mjini. Alikuwa mpole, shati limenyooka, anasema "samahani" hata pasipo kosa, na upole huo ndio uliomtia Bi Somoe wasiwasi. Siku zote alisema mtu mpole mwenye kalamu mwogope kuliko mlevi mwenye panga.

Moto wenyewe ulikuwa hivi. Ilikuwa Oktoba, mwaka 2002, na Bi Somoe alikuwa Mpapura shambani kwake, kama miaka yote. Korosho zikianza kudondoka, nusu ya mji inahamia mashamba. Mtu anafunga mlango wake mjini, anarudi mwaka mpya. Gesti yake ya vyumba saba alimwachia mhudumu. Basi mchana mmoja mpangaji, mchuuzi wa vitenge, akachomeka pasi anyooshe suruali. Umeme ukakatika. Yeye akaiacha pasi juu ya shuka, akaenda zake kula wali. Umeme ukarudi, yeye hajarudi. Kufika alasiri mabati yote yalikuwa chini, kenchi za paa zimekuwa mkaa, na vyumba saba vinatazama mbingu. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Kuta zilibaki zimesimama, nyeusi tii, lakini zimesimama.

Ndivyo watu walivyomsimulia aliporudi mbio kutoka Mpapura. Aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akasema, "Pasi, eti." Hakuamini hata nusu.

Msimlaumu haraka. Mumewe, Fundi Sudi, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na tangu hapo ile gesti ndiyo iliyomlisha na kumvisha. Bei ya korosho ilikuwa imeporomoka. Mtu alipakia magunia, akarudi na pesa ya chumvi. Bila vile vyumba saba, Bi Somoe na miaka yake hamsini na sita angekwenda kuishi ukumbini kwa watu, akisubiri kukaribishwa chai. Alitaka kitu kimoja tu duniani, nyumba yake isimame tena.

Na tuseme ukweli, si nyumba tu. Nyumba ya matofali. Mwaka 1992, msimu ulipokuwa mzuri, alimkabidhi mumewe pesa yote ya mikorosho aliyoachiwa na mama yake, akamwambia, "Sudi, nataka matofali ya saruji, sitaki tena nyumba ya kukandika." Yeye akabaki Mpapura kumalizia mavuno, Sudi akabaki mjini kujenga. Aliporudi Januari alikuta nyumba imeshasimama, lipu imenyooka, chokaa inaumiza macho. Mtaa ule wote ulikuwa wa nyumba za miti na udongo, na Bi Somoe hakumwacha mtu asahau hilo. Wingu likitanda tu, alitoka barazani akaita, "Nyie wa udongo! Anueni vitu vyenu mapema, mvua hiyo!" Watu walicheka. Hakuna aliyemjibu, naye alidhani wamekosa la kujibu.

Sasa, siku ya tatu baada ya moto, ikaja barua ya halmashauri ya mji. Kuta zile, ilisema barua, zisiezekwe tena. Jengo la biashara lililoungua kiasi kile lijengwe upya kwa masharti ya sasa: kuta za matofali ya saruji, mkanda wa zege juu ya madirisha, na mlango wa pili wa dharura. Bi Somoe aliisoma mara mbili, maana alisoma kisomo cha watu wazima na macho yake yalikuwa bado mazuri.

"Matofali!" alimwambia rafiki yake Zuhura, jirani wa ukuta kwa ukuta aliyempa chumba cha kujihifadhi. "Na hizo kuta zangu ni za nini? Za mkate? Wanataka nibomoe matofali nijenge matofali? Shoga, kuna mtu anakitaka kiwanja changu."

Zuhura alikuwa anachambua mchele. Alichambua punje moja muda mrefu mno, kisha akasema, "Mambo ya ofisi hayo, shoga. We fuata wanavyosema tu."

Bi Somoe akamtazama. Zuhura, mwanamke wa kubishana hata na muadhini, leo anasema "fuata tu"? Akaliweka hilo moyoni.

Baada ya kushuka kwenye ngazi, Lukasi aliketi barazani kwa Zuhura, akafungua faili lake. Zuhura akaleta kahawa, akabaki amesimama mlangoni.

"Mama, nikueleze taratibu," alisema Lukasi. "Bima ya kawaida inakurudishia nyumba kama ilivyokuwa. Haikujengei bora kuliko ya kwanza. Sasa halmashauri haikuruhusu kuijenga kama ilivyokuwa. Hapo ndipo wengi wanapokwama: ya zamani hawawezi kujenga, ya masharti mapya hawalipwi. Lakini marehemu mzee aliliona hilo. Alilipia nyongeza. Inasema mamlaka ikikulazimisha kujenga kwa masharti mapya, ile tofauti ni juu yetu. Matofali, zege, mlango wa pili, hata gharama ya kubomoa."

"Sudi alilipia hiyo?"

"Alilipia, mama. Ni watu wachache sana wanaoichukua hapa kwetu. Kwa hiyo nyumba yako itasimama, na itasimama imara. Ninachohitaji ni saini yako tu, kwamba maelezo haya ya nyumba ni sahihi."

"Maelezo gani?"

Lukasi akasoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma jina la maradhi. "Kuta: miti na udongo, zimepigwa lipu ya saruji."

Loo! Bi Somoe aliruka kitini, kikombe kikaenda huko.

"Nani kaandika hayo?"

"Yamo kwenye fomu ya mwanzo, mama. Ya mwaka 1998."

"Nyumba yangu ya udongo? Mimi? Wewe kijana, nyumba ile nimeijenga kwa mikorosho ya mama yangu! Matofali chini, matofali juu! Mnaandika udongo ili mnilipe kiduchu!"

"Hapana, mama, ni kinyume chake." Lukasi alinyanyua mikono. "Ingekuwa ya matofali, kuta zile labda zingekubaliwa, tungekulipa mabati na kenchi tu. Kwa kuwa ni ya udongo, tunalipa nyumba nzima."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Tangu lini kampuni ikambembeleza mtu achukue zaidi? Bi Somoe aliketi tena, taratibu, akaanza kuupanga mchezo wote kichwani. Akitia saini kwamba nyumba ni ya udongo, ametia saini uongo. Kesho watakuja na polisi: mama huyu alidanganya, hati imefutwa, kiwanja kimekamatwa. Akauona mtego mzima, kamba na ulimbo wake.

"Sitii saini," alisema.

"Mama, mwisho ni Jumatatu. Baada ya hapo faili linarudi Dar es Salaam, linafungwa. Halafu mvua hizi hapa."

"Na hiyo bima," aliuliza Bi Somoe kana kwamba hakusikia, "tangu Sudi afariki, nani analipia? Maana mimi sijawahi kutoa hata senti. Mimi bima naiona kama kamari."

Lukasi alirudi kwenye faili. Akapekua, akatoa nakala tatu za stakabadhi, akazilaza mezani. Zote tatu ziliandikwa jina moja: Albertina.

Zuhura, pale mlangoni, alisema "Mwee!" polepole, akaingia ndani.

Albertina alikuwa mke mdogo wa marehemu. Mama yake alimvusha Ruvuma mgongoni wakati wa vita vya Wareno, akakulia Kilambo, na huko ndiko Fundi Sudi alikomwona, akamwoa, akamjengea. Alikuwa akinunua samaki wakavu kando ya mto na kuja kuwauza sokoni Mtwara. Kwa miaka kumi wake hao wawili walikutana misibani tu, wakasalimiana kwa ncha za vidole.

Usiku wake Bi Somoe hakulala, na asubuhi hesabu yake ilikuwa imekamilika. Mke mwenza analipia bima ya nyumba isiyo yake, kwa siri, miaka mitatu. Kisha nyumba inaungua, mwenyewe hayupo. Kisha fomu inasema udongo. Siku ya malipo Albertina atatokea na stakabadhi zake mkononi, aseme mlipaji ni mimi, nyumba ni yangu. Na yule mchuuzi wa vitenge, vitenge vinatoka wapi kama si ng'ambo ya Ruvuma? "Kikulacho ki nguoni mwako," alijiambia akifunga khanga, na kwa kweli methali hiyo hakuikosea, ila nguo ndiyo siyo.

Mchana huohuo Albertina mwenyewe akaja kutoa pole. Alibeba mfuko wa unga wa muhogo na fungu la samaki wakavu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na chale za Kimakonde mashavuni alizochanjwa angali mtoto.

"Shikamoo, Bi mkubwa. Pole na mtihani."

"Marahaba. Nimeshapoa. Keti." Bi Somoe aliusogeza ule mfuko pembeni kwa kidole cha mguu. "Siku ya moto ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa mjini, sokoni. Nauza."

"Ahaa."

"Niliuona moshi, sikujua ni kwako."

"Ahaa. Na bima ya nyumba yangu unailipia wewe?"

Albertina akainamisha kichwa. "Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mzee aliniusia."

"Alikuusia wewe? Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa ndani unamchemshia uji, Bi mkubwa. Alinishika mkono akasema, nisiache kulipa hata mwaka mmoja."

"Akasema na sababu?"

Yule mwanamke alikaza fundo la khanga yake. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, Bi Somoe akaliona, akafurahi kwa furaha ile chungu ya mtu aliyemkamata mwizi na kuku wake.

"Tia saini tu, Bi mkubwa," alisema Albertina. "Nakuomba kwa Mungu. Tia saini, nyumba yako isimame."

"Hata wewe unajua habari ya saini! Nani kakwambia?"

"Mji mdogo."

"Ondoka na samaki wako."

Albertina aliondoka, samaki akawaacha. Jioni yake akaja balozi wa nyumba kumi, Mzee Abdallah, akajikohoza nusu saa, akazungumzia mvua, akazungumzia ng'ombe wa mtu, mwisho akasema, "Mwanangu Somoe, ile karatasi ya bima... kusaini si jambo baya." Kesho yake alikuwa muuza maandazi. Kesho kutwa yake imamu mwenyewe alimtuma mkewe. Watu wote wanasema saini! Mtaa uliokuwa haukubaliani hata juu ya njia ya maji machafu, leo una sauti moja? Kampuni imewalisha nini? Bi Somoe alianza kujipikia chakula chake mwenyewe, sufuria yake mbali, na Zuhura alipomuuliza kama kuna ubaya alimjibu kwamba tumbo limemchafuka. Zuhura alikwenda uani akalia, maana walikuwa wamekula sahani moja miaka ishirini na tano.

Ilipofika Ijumaa, Bi Somoe akaamua. Kama ni vita, basi vita ya mchana kweupe. Watu walipotoka msikitini, alikwisha kusimama mbele ya gesti yake na sururu ya kuazima, akaita mtaa mzima, balozi mbele. Lukasi alikuwa amepelekewa ujumbe, akaja na faili lake. Albertina naye alitokea sokoni, akasimama nyuma kabisa, ungo wake kichwani.

"Jamani, nyote mko hapa," alisema Bi Somoe, na sauti yake ilifika barabara kubwa. "Huyu bwana kaandika nyumba yangu ya udongo. Anataka nitie saini uongo, anitie jela, kiwanja changu wagawane na watu wanaojijua. Leo atachimba ukuta huu mbele ya macho yenu. Akikuta matofali, ninyi ni mashahidi wangu. Haya, baba, chimba."

Lukasi alitazama sururu, akamtazama balozi, akamtazama tena mama yule. "Mama, hili si lazima tulifanye mbele za watu. Njoo ofisini, tukae wawili..."

"Mnaona? Mnaona anavyoogopa?"

"Somoe," alisema Mzee Abdallah, "twende ndani tuzungumze."

"Hapana ndani hapa! Sina paa!" Bi Somoe alimtemea mwenye kalamu tusi moja ambalo halisemwi siku ya Ijumaa, akakunja khanga kiunoni, akainua sururu mwenyewe, akaupiga ukuta wa mbele kwa nguvu zake zote.

Lipu ilipasuka kipande kikubwa kama sinia. Nyuma yake kulikuwa na wavu wa kuku, umepigiliwa vizuri, msumari kwa msumari. Nyuma ya wavu, udongo mwekundu. Ndani ya udongo, mti.

Alidhani amekosea mahali. Akasogea hatua tatu, akapiga tena. Udongo, mti. Akaingia chumba namba mbili, akapiga. Akaingia chumba chake mwenyewe, alikolala na Sudi, akapiga pale kilipokuwa kichwa cha kitanda. Fito zilitokea, zimefungwa kwa kamba za miaa, safi, kazi ya fundi haswa. Akashusha sururu. Akakumbuka kwamba ndani ya nyumba ile hajawahi kupigilia hata msumari mmoja. Kila alipotaka kutundika kitu, Sudi alimpokonya nyundo, "Acha, utaniharibia lipu yangu," akapigilia yeye. Naye aliuona huo ni upendo, akawasimulia hata wenzake.

Alitoka nje akiwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Alitaka kuwaambia mashahidi wake kitu, asijue ni kitu gani. Ndipo alipowatazama nyuso zao.

Hakuna aliyeshangaa. Hata mmoja. Hakuna aliyeshika mdomo, hakuna aliyesema "Ala!" Walikuwa wametazama chini, kila mtu na vidole vyake vya miguu, wana aibu, na aibu yenyewe haikuwa yao.

"Mlijua," alisema Bi Somoe.

Mzee Abdallah akavua kofia. "Mwanangu, nyumba ilijengwa mchana. Miti tuliiona inashushwa. Tulidhani na wewe unajua, mmekubaliana na mumeo, pesa haikutosha. Yanatokea. Halafu tukasikia unavyosema, ya matofali, ya matofali, tukajua hujui. Sasa nani angeanza? Ni siri ya mtu na mumewe."

"Miaka kumi!"

"Tulikusitiri, shoga," alisema Zuhura, na machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi. "Ulikuwa unatuita wa udongo, unatucheka, na sisi tunakusitiri. Ningekuvuaje nguo mbele ya watu, mimi rafiki yako? Nilikuomba utie saini. Nilijua ukitia saini utajengewa ya kweli, na hutajua kamwe."

Bi Somoe aliketi juu ya kifusi. Kichwa kilimzunguka, lakini kichwa chake hata kikizunguka hakikosi swali. Pesa aliitoa. Stakabadhi za matofali aliziona kwa macho yake, Sudi alimwonyesha, na lori alilikuta bado linadaiwa.

"Na matofali yangu? Yalinunuliwa. Yako wapi?"

Vichwa vikageuka. Kisha huko nyuma ungo ukashushwa chini, na watu wakapisha.

"Yako Kilambo, Bi mkubwa," alisema Albertina. "Nalala ndani yake."

Kuna mwanamke aliyeanza kusema "Astaghfirullah" akakatwa na mwenzake.

"Alipoyaleta aliniambia ni yake," aliendelea Albertina, na ile sauti yake ndogo leo haikutetemeka. "Nilikuwa bibi harusi, ningejuaje? Siku ya kuugua ndipo aliponiambia. Akasema, nyumba ya Somoe ni udongo, nimeificha kwa lipu, nimeikatia bima, na fomu nimeandika ukweli kwa sababu fomu haitamfikia. Ikianguka, bima itamjengea yale matofali niliyomnyang'anya. Wewe lipa tu, usimwambie. Basi nikalipa. Kila mwaka nimeuza samaki nikalipa."

"Kwa nini hukuniambia alipokufa?"

"Niliogopa utaniambia nibomoe."

"Ningekwambia," alisema Bi Somoe.

"Najua."

Huyo ndiye mtu wa kwanza kumjibu ukweli mtupu kwa siku kumi, na Bi Somoe alimtazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza tangu aitwe mke mwenza. Aliona khanga iliyofifia, miguu iliyopasuka kwa maji ya chumvi. Alitafuta ndani yake ile hasira aliyoilea na kuinenepesha wiki nzima, akaikuta ipo, tena kubwa, ila yule aliyestahili kupigwa nayo alikuwa amelala makaburini na kila Ijumaa Bi Somoe alikuwa anamsomea Yasini. Alimshuku mpangaji, akaishuku halmashauri, kampuni, imamu, hadi muuza maandazi. Sudi hakuwahi kumshuku hata kidogo. Akalia pale pale juu ya kifusi, kwa sauti, bila kujifunika, na hakuna aliyemnyamazisha.

Lukasi alisubiri. Alisubiri sana. Mwisho akachuchumaa kando yake, faili juu ya goti.

"Samahani, mama. Sitaki kukuharakisha. Lakini Jumatatu..."

"Lete."

"Hapa ni saini. Na hapa, juu kidogo, unaandika kwa mkono wako kuta zilikuwa za nini."

Bi Somoe alifuta vumbi kwenye vidole kwa ncha ya khanga, akashika kalamu. Aliandika "miti na udongo", herufi kubwa za kisomo, moja moja, mtaa mzima ukitazama. Kisha akatia jina lake lote. Lukasi akamshukuru, akaeleza kwamba mafundi wataanza baada ya wiki mbili na kwamba kazi itachukua kama miezi mitano, kwa kuwa masharti ya zege yanahitaji ukaguzi.

"Miezi mitano," alisema Bi Somoe. Alijiinua, akatikisa nguo. "Albertina. Kwako kuna vyumba vingapi?"

"Vitatu, Bi mkubwa."

"Gari la Kilambo linaondoka saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Nisubiri nichukue nguo."

Zuhura alimshika mkono. "Shoga, unakwenda wapi? Kwangu kuna nini? Kaa kwangu."

"Nimeshakaa kwako, Mungu akulipe, na sufuria niliyoitenga nakurudishia jikoni. Tutaongea, Zuhura, leo siwezi. Acha niende kwangu."

Walipanda nyuma ya gari la mizigo, wake wawili wa mume mmoja, kila mmoja juu ya gunia lake. Kilambo walifika jua lingali juu. Nyumba ilikuwa kando ya barabara ya kivukoni, ndogo, haikupakwa chokaa wala lipu, kila tofali linaonekana na alama ya mwiko pembeni yake. Albertina alikimbia mbele kufungua mlango, kisha akasimama kando, akasubiri mwenzake apige hodi ili amkaribishe kama desturi.

Bi Somoe alivua ndala zake mlangoni. Hakupiga hodi, aliingia.